Tuwatunze Wanaotutunza: Mgongo, Shingo na Miguu ya Wafanyakazi wa Chumba cha Upasuaji

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya chuma, buti, vumbi la mawe na namna ya kuinua mfuko mzito bila kuumia. Leo tunakwenda mahali ambapo wengi wetu hatujaingia, na walioingia waliingia wakiwa wamelala. Tunakwenda katika chumba cha upasuaji. Hatuendi kumtazama mgonjwa. Tunakwenda kuwatazama wale waliosimama kando ya meza: mganga mpasuaji, msaidizi wake, muuguzi anayetoa vifaa, yule anayemlaza mgonjwa usingizi, na mfanyakazi wa usafi anayeingia baada ya wote kutoka.

Labda utauliza: "Mimi ni mtu wa mgodi. Mgongo wa muuguzi unanihusu nini?"

Unakuhusu kwa njia tatu. Kwanza, jiwe likianguka kesho, ni mikono ya watu hao itakayokufunga mshipa unaovuja damu. Pili, mke wako au dada yako akikwama katika uchungu wa kuzaa usiku wa manane, ni miguu ya watu hao itakayosimama mpaka mtoto alie. Tatu, sheria ya mwili ni moja. Kinachouvunja mgongo wako wewe unayebeba mawe ndicho kinachouvunja mgongo wa muuguzi anayembeba mgonjwa. Ukielewa shida yake utaelewa na ya kwako.

KWETU KAVUMU, NJIANI KWENDA BUKAVU

Kavumu iko katika wilaya ya Kabare, yapata kilometa 30 kaskazini ya Bukavu, kwenye barabara kuu inayokwenda Goma. Watu wa mbali wanaijua kwa sababu ya uwanja wake wa ndege. Sisi wa Kivu ya Kusini tunaijua pia kama njia ya wagonjwa. Mchimbaji anayeumia Nyabibwe, upande wa Kalehe, akipelekwa Bukavu kwa gari lazima apite hapa.

Kwa mambo ya afya, Kavumu imo katika eneo la Miti-Murhesa, pamoja na Lwiro. Ukipanda kaskazini zaidi utaikuta hospitali ya Katana. Ukishuka Bukavu utaikuta hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Miaka hii imekuwa mizito. Mwaka 2024 hospitali ya Kavumu ilipokea wagonjwa wengi sana wa mpox. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kavumu, kisha Bukavu. Lakini uchungu wa kuzaa haungoji vita viishe, na tumbo lililojikunja haliulizi kama barabara imefunguliwa. Kazi ya upasuaji haina msimu.

Na watu wanaoijua kazi hiyo ni wachache. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Fundi wa mitambo akiumwa mgongo, mashine itasubiri hadi Jumatatu. Muuguzi wa upasuaji akishindwa kunyoosha mgongo saa nane za usiku, mama aliyekwama na mtoto tumboni hawezi kusubiri hadi Jumatatu. Kwa hiyo mgongo wa muuguzi si shauri lake peke yake. Ni chombo cha hospitali kama vile taa na meza, na chombo hicho hakina duka la kukinunua kikivunjika.

MAUMIVU HAYA YATOKA WAPI?

Wengine husema ni uzee. Wengine husema ni uvivu. Wako hata wanaosema kwamba mtu amelogwa. Hapana! Maumivu mengi ya kazi hii yana sababu zinazoonekana kwa macho, tena zinazopimika kwa futi ya seremala.

Mwaka 2018 jarida la waganga la Marekani, JAMA Surgery, lilichapisha kazi iliyokusanya uchunguzi mwingi kuhusu wapasuaji na waganga wengine wa kazi zinazofanana. Iligundua kwamba katika kila 100, kama 17 wana mifupa ya shingo iliyoharibika, 18 wana ugonjwa wa kano za bega, na 19 wana uti wa mgongo ulioharibika kiunoni. Hao wengi wao hufanya kazi na meza zinazopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Tukumbuke basi hali ya yule ambaye meza yake haipandi wala haishuki.

Sababu kubwa ni nne.

1. Kusimama bila kutembea. Shavu la mguu ni kama pampu. Unapotembea linakaza na kulegea, na kila mara linasukuma damu kurudi juu kwenye moyo. Ukisimama tuli saa mbili, pampu imezimwa. Damu hulala miguuni, vifundo huvimba, mishipa hutokeza kama kamba. Ndiyo maana mtu aliyetembea kutoka Kavumu hadi Miti anaweza kufika na miguu iliyo afadhali kuliko ya yule aliyesimama mahali pamoja asubuhi nzima.

2. Kushikilia kitu bila kusogea. Msaidizi wa mpasuaji hushika chuma kinachoweka kidonda wazi. Chuma chenyewe ni chepesi. Lakini jaribu jambo hili nyumbani: beba ndoo ya maji kutoka kisimani, hutaona shida kubwa. Kisha nyoosha mkono mbele, ushike kikombe cha maji tu, bila kutikisika, kwa dakika kumi. Utatetemeka! Msuli unaokaza bila kulegea hujibana wenyewe, damu mpya haiingii vizuri, na uchovu huja mapema. Mtu wa mgodi aliyewahi kushikilia mashine ya kutobolea mwamba juu ya bega lake anaelewa bila kuelezwa.

3. Kuinamisha shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa hukibeba bila taabu. Kikiinama, ni msuli wa nyuma ya shingo unaokivuta kisianguke. Mwaka 2014 mpasuaji Kenneth Hansraj wa New York alifanya hesabu, akaona kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60 shingo hubeba mzigo wa kilo 27 hivi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji! Mama zetu wanaobeba mizigo kwa mkanda wa kichwani, wakitoka na mazao sokoni, watu wote huwaona na kuwahurumia. Mpasuaji aliyeinamisha kichwa saa tatu naye amebeba, ila mzigo wake hauonekani.

4. Kuinua kwa nguvu. Mgonjwa aliyelazwa usingizi hajisaidii. Hashiki shingo yako, hasukumi kwa mguu. Ni uzito mtupu, tena uzito laini usio na mahali pa kushika. Hapo ndipo migongo mingi huvunjika kwa dakika moja.

FUNDI MWASHI ALIYEWAFUNDISHA WAPASUAJI

Labda unadhani elimu hii ilianzia kwa waganga wakubwa. La. Sehemu yake kubwa ilitoka kwa fundi wa matofali.

Frank Gilbreth, Mmarekani, alianza kazi ya uashi mwaka 1885 akiwa kijana wa miaka 17. Aliona jambo ambalo kila fundi anaweza kuliona lakini wengi hulipita: mwashi huinama kuokota kila tofali, akiuinua mwili wake mzima pamoja na tofali dogo. Gilbreth akatengeneza jukwaa linalopanda pamoja na ukuta, ili matofali yawe siku zote karibu na kiuno cha fundi. Mwashi hakuinama tena, na matofali yaliyojengwa kwa siku yakaongezeka sana.

Baadaye, katika miaka ya 1910, alichukua mashine ya kupiga filamu akaingia katika vyumba vya upasuaji. Aliona mpasuaji akiacha kidonda kila mara, akigeuka, akitafuta kifaa mezani. Gilbreth akashauri: mpasuaji asitafute. Awepo mtu wa kumtilia kifaa mkononi, na vifaa vipangwe siku zote kwa utaratibu ule ule. Leo jambo hili limekuwa la kawaida hata hatukumbuki kwamba liliwahi kuwa jipya. Mganga hunyosha mkono, hutaja jina la kifaa, na muuguzi humpa.

Elimu hii ya kuilinganisha kazi na mwili wa mtu huitwa ergonomia. Neno hilo lilitungwa na Mpolandi Wojciech Jastrzębowski mwaka 1857, kwa maneno mawili ya Kigiriki: "kazi" na "sheria". Maana yake kwetu ni nyepesi: KAZI IMFUATE MTU, MTU ASIVUNJIKE KWA KUIFUATA KAZI.

UREFU WA MEZA: TATIZO LINALOTATULIWA NA SEREMALA

Simama wima. Acha mabega yashuke. Kunja mkono kwenye kiwiko mpaka mkono wa chini uelekee mbele. Hapo kilipo kiwiko chako, au chini yake kidogo kwa kadiri ya sentimeta 5, ndipo kazi ya mikono inapopaswa kuwa. Kazi ikiwa juu zaidi, utainua mabega na yatachoka. Ikiwa chini zaidi, utainamisha mgongo na shingo.

Angalia vizuri: tunasema kazi, hatusemi meza. Mama mwenye mimba ya miezi tisa akilala chali, tumbo lake huinua mahali pa kupasua juu sana ya meza. Kwa hiyo pima kutoka sakafuni hadi kwenye kidonda. Kupima hadi kwenye godoro ni kujidanganya.

Sasa tatizo. Watu si sawa kwa urefu. Mganga mwenye sentimeta 180 kiwiko chake kiko yapata sentimeta 113 kutoka sakafuni. Muuguzi mwenye sentimeta 155 kiwiko chake kiko yapata sentimeta 98. Tofauti ni sentimeta 15, na wote wawili wanafanya kazi katika kidonda kimoja. Nani ainame? Nani ainue mabega?

Hakuna. Kanuni ni hii: MEZA IWEKWE KWA KIPIMO CHA ALIYE MREFU, NA ALIYE MFUPI APANDE JUU YA KIGODA. Mtu mfupi unaweza kumwongeza. Mtu mrefu huwezi kumkata miguu.

Utasema: "Meza yetu ni ya zamani, haipandi." Vema. Meza isiyopanda inaweza kuinuliwa mara moja tu na mafundi, kwa kuiwekea nyayo imara za chuma zilizofungwa barabara, kisha wengine wote wakapewa vigoda. Lakini kazi hiyo ifanywe na fundi anayejua uzito utakaokuwa juu yake. Kusukumiza matofali chini ya miguu ya meza yenye mgonjwa ni hatari isiyosameheka.

Kuhusu kigoda chenyewe, mpelekee seremala wa kampani maagizo haya:
– Kimo chake kiwe sentimeta 10 au 15. Mtengeneze vya aina zote mbili.
– Kiwe kipana hata mtu asimame na miguu iliyoachana, na abadilishe hatua bila kuanguka.
– Miguu yake isitikisike, wala kisipinduke mtu akikanyaga ukingoni.
– Juu yake kiwe na mpira au mikato ya kuzuia utelezi.
– Kipakwe rangi inayovumilia dawa ya kusafishia, maana kitaoshwa kila siku.

Tena, kigoda kina faida nyingine. Aliyesimama muda mrefu aweke mguu mmoja juu ya kibao kidogo, kisha baada ya muda abadilishe na kuweka wa pili. Kiuno hupumzika. Wapishi wa zamani na wapiga pasi walilijua jambo hili bila kusoma kitabu.

OPERESHENI YA FISTULA: SHINGO KATIKA MAJARIBU

Hapa kwetu kuna operesheni moja inayostahili kusemwa peke yake. Hospitali ya Panzi imejulikana duniani kwa kuwatibu wanawake wenye fistula. Fistula ni tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu cha mkojo, au kati ya njia ya uzazi na utumbo. Huletwa na uchungu wa kuzaa uliokwama siku nyingi bila msaada, na mara nyingine na ukatili aliotendewa mwanamke. Mama huvuja mkojo au choo bila kujizuia, hata wengine hukimbiwa na watu wao. Kumshona vizuri ni kumrudisha katika maisha.

Lakini tazama namna ya kazi yenyewe. Kwa kawaida mgonjwa hulazwa chali, miguu ikiwa imeinuliwa na kutengwa, na meza imeinamishwa upande wa kichwa. Mpasuaji huketi kwenye kiti kati ya miguu. Mahali pa kushona ni padogo, pamejificha, tena pana giza. Bila kujua, mpasuaji husogeza uso mbele, hukunja mgongo kama upinde, hugeuza shingo kutafuta mwanga. Wasaidizi husimama kando, wamejipinda juu ya mapaja ya mgonjwa, mikono imenyooka. Saa ya kwanza hupita, ya pili hupita.

Mambo manne hupunguza taabu hiyo. Kiti kiwe kinachoweza kupandishwa na kushushwa, ili meza ikipandishwa na kiti kipande nacho, na macho ya mpasuaji yawe sawa na kazi yake. Nyayo zake zikae sakafuni zote mbili. Mwanga utoke nyuma ya bega lake, au kwenye taa ya kichwani iliyo nyepesi. Ninyi wa mgodini mnaijua taa ya kichwani, na mnajua jinsi taa nzito inavyouma shingo baada ya zamu. Na wasaidizi wabadilishane upande, ili mgongo mmoja usipinde upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo la kumlinda mgonjwa pia. Mguu mmoja wa mtu una uzito wa karibu sehemu moja ya sita ya mwili wake. Mama wa kilo 66 ana miguu ya kilo 11 kila mmoja. Anapolazwa usingizi, watu wawili wainue miguu yote miwili kwa pamoja, polepole. Mtu mmoja akiinua huu kisha ule, huupinda uti wa mgonjwa na wa kwake pia. Na wakati wa kuishusha, ishushwe polepole vilevile, maana damu hukimbilia miguuni na mgonjwa anaweza kushuka presha ghafula.

KUMHAMISHA MGONJWA: USIINUE, TELEZESHA

Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani Thomas Waters alionyesha kwamba mfanyakazi wa afya asimwinue mgonjwa kwa mikono ikiwa sehemu ya uzito inayomwangukia ni zaidi ya kilo 16. Fanya hesabu. Mgonjwa wa kilo 70 akiinuliwa na watu wawili, kila mmoja ana kilo 35. Ni zaidi ya mara mbili ya kipimo.

Kwa hiyo fanyeni hivi:
– Wekeni machela sambamba na meza, pasiwe na nafasi katikati. Fungeni breki za magurudumu. Machela isiyo na breki ishikwe kwa nguvu na mtu wa pekee.
– Machela na meza viwe na kimo kimoja. Pale mnapoelekea pakiwa chini kidogo, ni afadhali zaidi.
– Tieni kipande cha plastiki laini na imara chini ya shuka la mgonjwa. Shuka litateleza juu yake, na nguvu inayotakiwa itapungua sana.
– Wawe watu wasiopungua wanne. Anayetoa usingizi ashike kichwa, na yeye ndiye anayetoa amri: "Moja, mbili, tatu!" Mwingine asiseme.
– Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Magoti yalegee. Vuteni kwa uzito wa mwili, msivute kwa kiuno.
– Mtu akikosekana, itwe nguvu nyingine, hata mlinzi wa mlangoni aliyefundishwa. Dakika mbili za kungoja ni rahisi kuliko miezi miwili ya kulala.

Mambo ya namna hii yapo pia nje ya meza. Chupa kubwa ya oksijeni ina zaidi ya kilo 60. Mafundi wetu wa kulehemu wanajua kwamba haibebwi begani wala haivingirishwi kwa mguu. Ipewe kigari cha magurudumu mawili, na ikifika ifungwe mnyororo ukutani, maana ikianguka na kukatika shingo hurushwa kama kombora. Sanduku la maji ya mishipa lenye chupa 12 za lita moja lina zaidi ya kilo 12. Liwekwe kwenye rafu ya kiunoni, si chini kabisa wala juu ya kichwa. Na wale mama wa usafi wanaobeba mashuka yaliyolowa wasisahauliwe. Ndoo mbili ndogo ni afadhali kuliko moja kubwa.

PUMZIKO LA SEKUNDE ISHIRINI

Mpasuaji hawezi kuacha tumbo wazi akaenda kunywa chai. Ni kweli. Lakini pumziko halihitaji chai.

Waganga wa Sherbrooke, huko Kanada, walichapisha mwaka 2013 jaribio lao: katikati ya operesheni, kila dakika 20, mpasuaji alipumzika sekunde 20 na kujinyoosha hapo hapo mezani, bila kuvua glavu. Waliopumzika hivyo walichoka kidogo, na mikono yao ilibaki na usahihi zaidi kuliko walipofanya kazi mfululizo. Uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 2017, ulitumia mapumziko ya dakika moja na nusu, na operesheni haikurefuka.

Mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia saa. Kila dakika 20, mahali pa usalama pakipatikana, aseme: "Pumzi!" Hapo wote:
– washushe mabega na kuyavuta nyuma, mara tatu;
– wanyooshe shingo, kidevu kikielekea kifuani na kurudi mahali pake;
– wasimame kwa ncha za vidole na kushuka, mara kumi, ili pampu ya miguu ifanye kazi;
– wafungue na kufunga vidole.

Mikono yote ibaki mbele ya kifua, mahali palipo safi, isiguse kitu. Kisha kazi iendelee. Ikiwa damu inavuja, pumziko lingoje. Mgonjwa ni wa kwanza siku zote.

Kati ya operesheni mbili, yule aliyesimama aketi, na yule aliyeketi atembee. Anywe maji. Wengi huacha kunywa maji ili wasiende choo, kisha hushangaa kwa nini kichwa kinauma saa kumi jioni.

SAKAFU NA VIATU

Hapa hatutasema mengi, maana mnajua. Maji na damu sakafuni vipanguswe mara moja. Nyaya zisipite njiani. Ikiwa lazima zipite, zifungwe chini. Viatu viwe vimefungwa mbele, vyenye soli laini isiyoteleza. Kandambili ni za bafuni, si za upasuaji: hazishiki mguu, wala hazizuii mkasi unaoanguka.

USINGOJE MPAKA UANGUKE

Maumivu ya jioni yanayokwisha asubuhi ni onyo. Maumivu yanayobaki asubuhi ni onyo la pili. Lakini mtu akiona mambo haya, asingoje, aende kwa mganga:
– maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni hadi chini ya goti;
– vidole vinavyokufa ganzi usiku, hasa kidole gumba na viwili vinavyofuata;
– mkono au mguu unaopoteza nguvu;
– kushindwa kuzuia mkojo au choo, au ganzi kati ya mapaja. Hili la mwisho ni la haraka, siku hiyo hiyo.

Tena tuseme wazi jambo linalofichwa. Wafanyakazi wa hospitali wako karibu na dawa. Ni rahisi kujichoma sindano ya kutuliza maumivu na kurudi kazini. Dawa hizo zikizoewa hutoboa tumbo na kuharibu figo. Nazo haziponyi chochote ikiwa meza ile ile inakungoja kesho. Kunyamazisha kengele si kuzima moto.

Mama mwenye mimba anayefanya kazi humo aondolewe kwenye kuinua watu na chupa, na apewe kiti. Hilo ni haki yake, wala si upendeleo.

KAZI YA WAKUU, KAZI YA KAMATI

Mengi tuliyoyataja hayahitaji fedha nyingi: vigoda, plastiki, kigari, saa ya ukutani. Yanahitaji mtu wa kuamua. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu nzima juu ya afya na usalama kazini, na inataka kila mahali pa kazi pawe na kamati ya usalama na usafi. Hospitali ni mahali pa kazi. Kamati isiishie kwenye karakana na mgodini. Iingie pia katika chumba cha upasuaji, ipime urefu wa meza, iwaulize walio humo: "Wapi panauma?" Ikiandika majibu ya miezi mitatu, itaona yenyewe wapi pa kuanzia.

Na wewe mjumbe wa sindika, unapoorodhesha mahitaji ya wafanyakazi, kumbuka wale waliovaa kijani. Wengi wao hawalalamiki, kwa sababu wamezoea kwamba mwenye kuumwa ni yule aliyelala mezani.

MAMBO KUMI YA KUBANDIKA UKUTANI

1. Kazi iwe chini kidogo ya kiwiko.
2. Meza kwa aliye mrefu, kigoda kwa aliye mfupi.
3. Taa isogee, shingo isisogee.
4. Vifaa mahali pale pale kila siku.
5. Badilisheni mguu, badilisheni upande.
6. Usiinue mgonjwa, mtelezeshe.
7. Watu wanne, amri moja.
8. Sekunde 20 kila dakika 20.
9. Sakafu kavu, kiatu kilichofungwa.
10. Maumivu yasemwe mapema.

Ndugu mfanyakazi, siku utakayompeleka mtu wako hospitalini, utauliza kama dawa iko, kama damu iko, kama mafuta ya jenereta yako. Ni maswali mazuri. Ongeza na hili: watu wa humo wamepata mahali pa kuketi? Kinga ni bora kuliko tiba, hata kwa wale wanaotoa tiba.

MGONGO MZIMA, MKONO THABITI, MGONJWA SALAMA!